Mwaka Tuliolala Nje

Ndugu msomaji, ikiwa umri wako umepindukia miaka arubaini na kwenu ni Pemba, basi unaukumbuka mwezi wa Ramadhani wa mwaka 1415 Hijria, ulioangukia Februari ya mwaka 1995. Na ikiwa wewe ni kijana, waulize wazee wako. Watakwambia, wengine kwa kucheka na wengine kwa kuinamisha kichwa. Mwezi huo watu wa kisiwa hiki waliviacha vitanda vyao. Waume kwa wake na watoto wao walitandika majamvi uani na mabarazani, wakakoka moto, wakakaa wameshikamana mpaka alfajiri kwa khofu ya kitu kilichoitwa Popobawa. Ilisemwa kwamba huja kama kivuli cha bawa la popo, hupita mlango uliofungwa, humlemea mtu kifuani hata asiweze kupiga ukelele, kisha humtendea mambo ambayo adabu ya ukurasa huu hainipi ruhusa kuyaeleza. Kutoka Pemba khofu ile ilivuka bahari ikenda Unguja, na kutoka Unguja ikafika Dar es Salaam. Wala haikuwa mara ya kwanza. Wazee wa hapa walikuwa na simulizi za khofu kama hiyo tangu miaka ya 1960 na mwanzo wa miaka ya 1970.

Sikusudii kukuchekesha kwa khabari hizi, wala kukutisha. Nataka tuitazame khofu ile kama tunavyolitazama jambo jengine lolote la tarehe: ilianzaje, ilikula nini hata ikanenepa, na ilituachia nini. Kwani kwa maoni yangu Popobawa wa usiku alikwisha kwa miezi michache, lakini ndugu yake wa mchana tumekaa naye miaka mingi zaidi.

Uvumi ule ulikuwa na mambo mawili yaliyoupa nguvu. La kwanza, ilisemwa kwamba anayekanusha ndiye atakayeendewa kabla ya wengine. La pili, aliyekwisha kuendewa ametakiwa awaambie watu, la sivyo atarudiwa. Fikiri, msomaji, jinsi uvumi huu ulivyojijengea ngome: asiyeamini amefungwa mdomo, na anayeamini ameamrishwa kusema. Khabari ya namna hii haihitaji ukweli ili iishi. Juu ya hayo tukaipa msaada wa lugha yetu wenyewe, maana kila mwenye kutilia shaka alijibiwa kwa methali, kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali nyingi za wazee wetu ni hazina, lakini hii kwa hakika imekwisha kuharibu nyumba nyingi. Ingekuwa kweli kila lisemwalo lipo, makadhi wasingekuwa na haja ya kuita mashahidi.

Siku hizo nilikuwa nikisomesha chuoni hapa Chake Chake. Kijana mmoja, hajafika miaka kumi na mitatu, aliniuliza baada ya darsa: "Maalim, nani aliyemwona?" Swali dogo, lakini katika mji mzima sikuwa nimelisikia. Basi tukalifuata. Muuza kahawa alisema khabari hiyo kaipata kwa watu wa Wete. Mtu wa Wete aliyeshuka kwenye gari ya abiria alisema wao Wete hawana, imetoka Mkoani. Na bwana wa Mkoani, tulipompata, aliapa kwamba yametokea hapa hapa Chake, Tibirinzi, nao Tibirinzi ni mtaa ambao kijana yule alizaliwa na analala kila siku. Alicheka hata machozi yakamtoka. Nadhani usiku ule alilala chumbani.

Hata hivyo si haki kuishia hapo, maana wako waliosema, "Mimi mwenyewe yamenifika." Hawa hawakuwa waongo, na kuwacheka ni dhulma. Waliamka usiku, macho wazi, wakashindwa kuinua hata kidole. Wakahisi uzito kifuani na mtu amesimama chumbani. Wazee wetu walikuwa na jina lake: jinamizi. Waarabu huliita jathumu na kabusi. Wajapani huliita kanashibari, na watu wa kisiwa cha Newfoundland, kule Kanada, husimulia juu ya kizee anayekuja kukaa juu ya kifua cha mtu aliyelala. Basi jambo hili halikuzaliwa Pemba, wala halina uraia wa nchi yoyote.

Na hapa napenda kukutajia watu wawili ambao laiti tungewakumbuka mwaka ule. Mmoja ni tabibu al-Akhawayni wa Bukhara, aliyefariki karibu na mwaka 983, na wa pili ni Abu Ali Ibn Sina, aliyezaliwa mwaka 980 na kufa mwaka 1037. Wote wawili waliandika juu ya kabusi katika vitabu vyao vya tiba, Ibn Sina katika kile kitabu chake kikubwa cha Qanun. Walikuwa Waislamu, na imani yao haikuwazuia kumwangalia mgonjwa na kuuliza amekula nini, amelala vipi, na ana maradhi gani mengine. Walidhani ni mvuke unaopanda kichwani kutoka mwilini. Jawabu lao halikuwa sahihi, lakini swali lao lilikuwa sahihi, na kwa swali hilo waliokuja nyuma yao waliweza kufika mbali zaidi.

Leo matabibu wanaeleza hivi. Katika usingizi kuna kipindi cha ndoto ambacho ndani yake viungo hulegezwa, ili mtu asiinuke akafanya kwa mwili yale anayoyaota. Mara nyengine akili huamka kabla ya viungo kufunguliwa. Mtu huona chumba chake, lakini ndoto bado haijaondoka machoni pake, na kifua huhisi kizito. Hali hiyo hukaa muda mdogo kisha ikapita, wala haiui. Na humjia zaidi nani? Humjia aliyekosa usingizi, aliyevurugikiwa na saa za kulala, anayelala chali, na aliyejaa khofu. Sasa rudi uani, msomaji, uwatazame watu wetu: wamekesha siku kumi, wamelala vipande vipande mchana, na kutwa wanasimuliana kitu kimoja tu. Sisi tuliokesha tukimngojea ndio tuliomtengenezea njia. Wasiwasi ndivyo ulivyo, humchosha mtu kwa kulinda hata akaangukia kile kile alichokuwa akikilinda.

Laiti madhara yangekuwa ni kukosa usingizi tu! Mwaka huo huo, katika mji wa Unguja, watu walimkamata mgeni mmoja aliyetoka bara, mgonjwa wa akili, wakasema ndiye Popobawa, wakamuua. Martin Walsh, mtaalamu wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi Pemba miaka hiyo, ameiandika khabari hii pamoja na mengine ya mwaka ule. Mimi husimama sana juu ya kifo hicho. Marehemu hakuwa na bawa. Alikuwa na makosa mawili tu: hakujulikana, na hakuweza kujieleza. Watu wale hawakuwa wauaji kwa kazi yao. Bila shaka wengi wao walikuwa baba wa watoto, na ndiyo maana walikuwa wakilinda. Hakuna aliyemuuliza ni mtoto wa nani, na ametoka wapi, na nani amempokea. Maswali matatu, ambayo kila bibi wa pwani humuuliza mgeni kabla hajamkaribisha maji, yangemwokoa.

Pemba yenyewe imekwisha kuonja ubaya wa kuhukumiwa bila ya kuulizwa. Mwandishi wa Kiingereza Evelyn Waugh alipita visiwa hivi mwanzoni mwa mwaka 1931, akafika Pemba kwa muda mfupi, kisha akatoa kitabu mwaka huo huo, Remote People, alimoandika kwamba Pemba ni makao ya elimu ya uchawi na kwamba wanafunzi huja kutoka nchi za mbali mno. Hakukaa akauliza. Alipokea aliyoambiwa, akayapamba, na mpaka leo wageni wanaoteremka hapa hutuangalia mikono. Nasi ndugu zangu hatukosi lawama, maana wako miongoni mwetu wanaoona fakhari kwa sifa hiyo, mpaka jirani yako akiugua tumbo hutafutwa jirani mwengine wa kulaumiwa.

Mlinganishe huyo na Yaqut al-Hamawi, aliyekufa mwaka 1229. Yeye hata Pemba hakufika. Alikusanya khabari za miji ya dunia kwa kuwauliza waliofika, na katika kitabu chake ameitaja Jazira al-Khadhra, kisiwa cha kijani, akasema kina miji miwili, na kila mji una sultani wake asiyemtii mwenziwe. Majina aliyoyaandika wataalamu wanayasoma kuwa ni Mtambwe na Mkumbuu. Zaidi ya miaka 700 baadaye, mwaka 1984, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta Mtambwe Mkuu hazina ya sarafu za fedha zaidi ya 2,000, ndogo ndogo, zenye jina la mtawala upande mmoja na upande wa pili maneno yenye kina ya kumtegemea Mwenyezi Mungu. Mtu aliyeuliza kwa uangalifu, yuko mbali, hakukosea. Na yule aliyefika kwa miguu yake, hakuuliza, alikosea.

Na kwa kuwa nimeyagusa magofu, sina budi kutaja Pujini, kama kilomita 10 kusini-mashariki ya hapa Chake. Ni ngome ya karne ya 15, yenye boma la udongo, handaki, na mahali pa kuingizia vyombo kutoka baharini. Simulizi zinamtaja mwenyewe kuwa ni Mkama Ndume, mtawala aliyewakamua watu kwa kazi hadi akapewa jina hilo. Wanasimulia kuwa kisima chake kilikuwa na ukuta wa kukigawa, ili wakeze wawili wateke maji bila ya kuonana. Kuwa simulizi hii ni kweli au imezidishwa, siwezi kukukatia. Lakini wazee hawakuihifadhi bure. Mtu aliyejenga boma kwa ajili ya adui wa nje alimaliza kwa kujenga ukuta baina ya watu wa nyumba yake, na hivi sasa katika pahali pale hakukaliwi na mtu.

Najua utanijibu: "Maalim, unataka tumwamini kila mtu? Dunia imeharibika." La hasha. Hadhari ni katika akili, nami hufunga mlango wangu kila usiku. Ninalolisema ni jengine, na wanavyuoni wa fikihi wamelipatia kipimo kizuri kuliko nitakachoweza kukitunga mimi. Imamu as-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, naye ni wa madhehebu yetu ya Shafi, ameweka miongoni mwa kanuni tano kubwa za sharia ile inayosema kuwa yakini haiondolewi na shaka. Tunaisomesha watoto katika mlango wa udhu: mwenye yakini kwamba ametawadha, kisha akaingiwa na shaka kama umetenguka, udhu wake upo. Asirudi kisimani. Mwenye wasiwasi hurudi mara tatu, mara nne, jamaa wakasali yeye bado yumo katika kuosha kiwiko, na wala moyo wake hautulii, kwa sababu anatafuta kwa maji kitu ambacho maji hayana.

Basi ajabu yangu ni kwamba kanuni hii tunaiacha hapo hapo birikani. Jirani yako umeishi naye miaka thalathini. Amekuzikia wazee wako, amewaonya watoto wako, ameshika ufunguo wa nyumba yako uliposafiri. Hiyo ni yakini. Kisha jana usiku mtu amekwambia neno juu yake. Hiyo ni shaka. Ipi imeiondoa mwenziwe?

Pia kuna tafauti baina ya kudadisi na kupeleleza, na Sura ya Hujurat imeyaweka mambo haya karibu karibu: imetutaka tuihakikishe khabari kabla ya kuwadhuru watu, imetukataza dhana nyingi, ikakataza kuchungulia aibu, kisha ikatueleza kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Kujuana hakuwi bila ya kuuliza, na kupeleleza pia kuna maswali ndani yake, ndiyo maana watu huchanganya. Mimi huwatambulisha wanafunzi kwa alama moja. Anayetaka kujua humwendea mwenyewe mwenye jambo. Anayepeleleza huwaendea watu wote isipokuwa yeye.

Sasa tuje kwa Popobawa wa mchana. Mwaka ule wa 1995 ulikuwa ni wa uchaguzi, wa kwanza baada ya kurudi vyama vingi, na hata khabari za Popobawa ziligeuzwa zikawa za siasa, kila upande ukisema ametumwa na upande wa pili. Uchaguzi ulifanywa tarehe 22 Oktoba. Matokeo yaliyotangazwa ya urais wa Zanzibar yalikuwa asilimia 50.2 kwa Dokta Salmin Amour wa CCM na 49.8 kwa Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF. Tafauti haikufika asilimia moja, na ufa uliotokana nayo uliingia mpaka majikoni. Hapa Pemba watu waligomeana maduka, wakagomeana magari, wakafika mahali pa kugomeana mazishi. Mtu alikuwa akiitafuta sura ya aliyekufa kwanza katika chama, kisha katika udugu.

Wakubwa walijaribu kutibu. Muafaka wa kwanza ulitiwa saini mwezi wa Juni 1999 kwa usuluhishi wa Jumuiya ya Madola. Haukutekelezwa ipasavyo, ukaja uchaguzi wa mwaka 2000 uliovurugika, kisha yakaja maandamano ya tarehe 26 na 27 Januari 2001, ambayo ndani yake raia waliuawa kwa risasi, na watu wapatao 2,000 wakakimbia kwa vyombo hadi Shimoni, Kenya. Hayo sitayarefusha, nyumba zilizofiwa zinasoma ukurasa huu. Muafaka wa pili ukatiwa saini Oktoba mwaka huo huo, nao ukafika njiani ukachoka.

Kisha tarehe 5 Novemba 2009 yalitokea mambo ambayo wengi hawakuyatazamia. Maalim Seif alikwenda Ikulu ya Zanzibar, akakaa na Rais Amani Karume, wawili hao, bila ya msuluhishi wa kigeni baina yao. Mimi si mtu wa siasa na sijui yote waliyozungumza. Ninachokiona ni kwamba miafaka ile miwili ilikuwa na karatasi nyingi na mashahidi wakubwa, na kila upande ulizisoma karatasi hizo ukitafuta mtego. Safari hii mtu alimwendea mwenyewe mwenye jambo. Baraza la Wawakilishi likaliunga mkono, na tarehe 31 Julai 2010 wananchi wakapiga kura ya maoni juu ya serikali ya umoja wa kitaifa, wakaikubali kwa asilimia 66.4.

Uchaguzi wa tarehe 31 Oktoba 2010 ulipokuja, Dokta Ali Mohamed Shein alitangazwa kwa asilimia 50.1, na Maalim Seif akapata 49.1. Tazama hesabu hizi kwa makini, kisha zitazame zile za 1995. Karibu ni zile zile! Nchi ni hiyo hiyo, watu ni hao hao, na tafauti kwa mara ya pili ni nyembamba kama uzi. Lakini safari hii aliyeshindwa alikubali, akawa Makamo wa Kwanza wa Rais, na watu wakenda zao makondeni. Kama hesabu ingekuwa ndiyo inayotia fitina, fitina ingetokea mara mbili.

Sitakuficha kwamba hayakudumu. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, ukarejewa tarehe 20 Machi 2016 na CUF wakaususia, na hapa kwetu yale ya kugomeana yakarudi. Serikali ya umoja iliundwa tena Disemba 2020, Maalim Seif akaingia ndani yake, na tarehe 17 Februari 2021 akafariki. Akazikwa kwao Mtambwe. Kuaminiana si jengo ambalo mtu hulimaliza akakabidhi ufunguo. Ni kama karafuu juu ya jamvi, mvua ikinyesha hukusanywa, jua likitoka huanikwa upya.

Na karafuu zenyewe ni ushahidi. Msimu ukifika, pita njia ya Chake Chake hadi Wete uangalie kando ya barabara. Mali ya watu imeanikwa pembeni mwa njia, na aliyeianika kenda msikitini au yumo shambani. Magari yanapita, wageni wanapita. Kadhalika biashara ya pwani hii tangu zamani imekwenda kwa mali kauli: mtu huchukua bidhaa ya mwenziwe kwa neno tu, akauze, arudi na thamani. Kila siku tunaaminiana mara mia bila ya kuhisi, kisha huja mtu mmoja na uvumi mmoja tukasema hakuna wa kuaminika.

Katika mwaka ule wa 2016 lilikuwapo hapa mjini duka moja lililogomewa. Mwenye duka alikuwa akikaa kutwa juu ya kigoda chake, na nzi tu ndio waliokuwa wakiingia. Bibi mmoja wa makamo ya mama yangu hakuacha kununua sukari pale. Vijana wakamsimamisha njiani, wakamwambia: "Bibi, huyu si mwenzetu, hujui?" Akawaambia: "Wanangu, mizani yake naijua miaka thalathini, haijanipunja hata siku moja. Hayo mengine nimeyasikia juzi." Akawauliza kama kuna yeyote kati yao aliyekwisha kusema na mwenye duka. Hakuna aliyejibu. Akampa kijana mmoja kikapu amchukulie, maana jua lilikuwa kali, na kijana akakichukua mpaka kwake.